Kusini kwa Mwendo wa Kusimama: Mwongozo Kamili wa Kugundua Vivutio vya Kando ya Barabara, Kutoka Nangurukuru hadi Newala

Barabara ya Kilwa siku hizi ni ya kuteleza. Basi linaondoka Dar es Salaam alfajiri, na jioni abiria wanashuka Mtwara huku nusu ya njia wameilala. Wenye magari binafsi nao wamezoea mtindo huohuo: mafuta Kibiti, chakula Lindi, kisha moja kwa moja mpaka mwisho wa safari. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda Masasi kwenye misiba na harusi za ndugu zake miaka na miaka bila kujua kuwa kila mara anapita katikati ya uwanja wa mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kwamba kule porini, upande wa kaskazini-magharibi wa Lindi, ndiko yalikotoka mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) anayejaza ukumbi mzima wa makumbusho ya Berlin.

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina vitu vya ajabu na vya kupendeza kando ya barabara, ila vingi havina kibao wala geti, na hutamkuta mtu wa kukukatia tiketi. Vinapatikana kwa kupunguza mwendo, kusimama na kuuliza watu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, hatua kwa hatua. Umeandikwa kwa mwenye gari lake au la kukodi, lakini hata wa basi na bodaboda ataambulia mengi.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kabla hujachagua njia

Kusini kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Lami ya barabara kuu huwa inapitika, ila si ya kuiamini kupita kiasi. Mei 2024, mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Njia za vumbi ndizo za kuogopa zaidi: kipande kinachopitika kwa gari dogo mwezi wa nane, Februari kinaweza kumeza hata gari la magurudumu manne yanayovuta.

Juni hadi Agosti ni baridi na kukavu. Ndiyo miezi ambayo wakulima wa korosho wanapulizia salfa kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga, kwa hiyo ukipita asubuhi na mapema utaona wingu la manjano limetanda juu ya mikorosho. Funga vioo, halafu simama mbali utazame. Ndiyo pia miezi ya jando na unyago, baada ya mavuno, na usiku utasikia ngoma vijijini.

Kuanzia Oktoba mpaka Desemba ni msimu wa korosho zenyewe. Joto linapanda, malori yanaongezeka barabarani, na harufu ya mabibo (matunda ya mkorosho) yaliyoiva inaingia garini hata bila kufungua dirisha. Kwa maoni yangu wiki bora kuliko zote ni zile za mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba: njia bado kavu, korosho za kwanza zimeanza kuanguka, bahari imetulia. Ukija wakati wa Ramadhani, ujue kwamba kwenye miji ya pwani mama lishe wengi hawapiki mchana. Beba chakula, na ukile faraghani.

Hatua ya pili: gawa safari vipande, na kila kipande kipe siku yake

Kosa la kwanza la wageni ni kupanga Kilwa, Lindi, Mikindani na Masasi kwa siku mbili. Umbali wenyewe si wa kutisha. Lindi hadi Mtwara ni kama kilomita 110 tu. Lakini safari ya kusimama-simama hula saa. Kanuni ninayoishika ni kutozidi kilomita 200 kwa siku, na kuhakikisha gari limeegeshwa kabla ya saa 12 jioni. Usiku kuna baiskeli zisizo na taa, mbuzi, na malori yaliyoharibika yakawekewa matawi ya miti tu kama alama.

Mimi huigawa kusini hivi: Nangurukuru na Kilwa, Nangurukuru hadi Lindi, Lindi hadi Mtwara kupitia Mikindani, Mingoyo hadi Masasi kwa kufuata bonde la Lukuledi, na mwisho uwanda wa Makonde, yaani Newala na Tandahimba. Ukiwa na siku mbili tu, chukua Lindi–Mtwara. Ukiwa na wiki nzima, fanya mzunguko kamili.

Hatua ya tatu: gari na mfuko

Hapa sitakaa sana. Hakikisha spea ina upepo na jeki inafanya kazi. Beba pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, maana trafiki wataviulizia. Jaza mafuta kila unapofika mji mkubwa hata kama tangi limebaki nusu, hasa kabla ya kuacha lami. Heshimu vibao vya 50 vijijini. Tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo, na watoto wanaovuka wapo zaidi. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu kuna vipande virefu kati ya Nangurukuru na Lindi ambako mtandao unapotea. Beba noti ndogondogo. Bibi anayeuza karanga za mia tano hana chenji ya elfu kumi, na ukimpa hiyo elfu kumi umemfungia biashara.

Hatua ya nne: jifunze kuuliza

Hii ndiyo hatua inayobeba zote, na ndiyo watu wanayoiruka.

Ukisimama kijijini ukauliza "hapa kuna vivutio gani vya utalii?", utajibiwa kuwa hakuna. Anayekujibu hakudanganyi. Kwake utalii ni tembo na Wazungu, na hapo kijijini hakuna tembo. Kwa hiyo badilisha swali. Yafuatayo hayajaniangusha:

"Zamani hapa palikuwa na nini?" Swali hili linaleta maboma, maghala ya Wahindi, njia za misafara, reli iliyong'olewa.

"Walimu wakitaka kuwatembeza wanafunzi, huwa wanawapeleka wapi?" Hili ni zuri kuliko yote. Kila shule ya msingi ina mahali pake: pango, jabali, maporomoko, kaburi la mtu maarufu. Na kwa kuwa watoto hufika kwa miguu, ujue hapako mbali.

"Maji mnachota wapi?" Huku, na hasa juu ya uwanda wa Makonde ambako maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu, swali la maji linakupeleka kwenye chemchemi, mabonde na kingo zenye mandhari nzuri.

"Kuna mahali watu hawaruhusiwi kukata miti?" Jibu litakuwa msitu wa matambiko au makaburi ya zamani. Huko usiende bila kupelekwa, lakini mara nyingi utasimuliwa historia ya kijiji kizima hapohapo ulipokaa.

Na namna ya kuuliza ina uzito kama swali lenyewe. Zima gari, shuka, vua miwani ya jua, salimia kwanza. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka wapi?"

"Tumetoka Dar, bibi, tunaelekea Masasi. Habari za hapa?"

"Hapa salama. Mwaka huu korosho si haba."

Mpaka hapo bado hujauliza kitu. Nunua muhogo, kaa kwenye benchi, ule. Swali la zamani likija katikati ya muhogo, linajibiwa. Likija kupitia dirisha la gari linalounguruma, utaelekezwa barabara ya kwenda mjini na basi.

Kwa jambo linalohitaji kuingia ndani ya kijiji, pitia kwa mwenyekiti au ofisi ya mtendaji. Si urasimu wa bure. Wageni wanaozungukazunguka porini bila kujitambulisha huzua hofu, na barua au hata simu ya mtendaji inakufungulia milango yote. Kijana atakayekuongoza mlipe, na mkubaliane kabla ya kuanza kutembea.

Hatua ya tano: jua cha kutazama ukiwa unaendesha

Kuna ishara za barabarani ambazo hazijaandikwa. Mbuyu mkubwa uliozungukwa na eneo tupu mara nyingi ulikuwa kituo cha mkutano, soko au mapumziko ya misafara. Miembe iliyopandwa kwa mstari ulionyooka ni kazi ya mikono ya watu. Fuata mstari, mwishoni kuna misheni, boma au shamba la zamani. Minazi inayojitokeza ghafla baada ya miombo inakuambia bahari au mkono wa bahari uko karibu. Tuta refu lililonyooka katikati ya mashamba kwenye bonde la Lukuledi, lenye njia ya baiskeli juu yake, linaweza kuwa mabaki ya reli.

Hiyo reli ina kisa cha kusimulia garini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango kikubwa mno. Mradi ulianza 1947, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara na reli ya kusini vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mradi ulifutwa 1951, karanga hazikuja, na bandari ikafunguliwa 1954 bila mzigo iliyojengewa. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Uliza wazee wa Mtama au Nachingwea "treni ilipita wapi?" Wapo wanaokumbuka, au waliosimuliwa na baba zao, nao watakupeleka kwa furaha.

Hatua ya sita: vipande vyenyewe

Kilwa nitaipita kwa haraka, kwa sababu imeandikwa sana. Kutoka Nangurukuru unakata kushoto, chini ya kilomita 35 unafika Kilwa Masoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Yaliwekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika 1331 na kuusifu mji. Kata kibali Masoko kwanza, chukua mwongozaji, vuka kwa mashua asubuhi upepo ukiwa mdogo.

Ninachokuomba ni usiishie Masoko. Rudi Kilwa Kivinje. Huu ulikuwa mji wa misafara ya bara, kisha makao ya utawala wa Wajerumani, na leo ni mji wa wavuvi wenye majengo ya mawe yanayobomoka taratibu, balkoni za mbao zikining'inia, na boma likitazama bahari. Hapo ndipo palipo na Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani waliponyonga watu wa Vita vya Majimaji, na sasa pana mnara wa kumbukumbu. Vita vyenyewe vilianzia milima ya Matumbi, magharibi ya hapo, Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Kinjikitile Ngwale, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Ukiwa umetoka Dar ulipita karibu kabisa na Mohoro. Mwenye gari imara na siku nzima ya ziada akate Njia Nne apande Kipatimu, aombe kupelekwa kwenye pango la Nang'oma, moja ya mapango makubwa ya Afrika Mashariki. Tochi mbili kwa kila mtu, viatu vya kufunga, na mwenyeji.

Kati ya Nangurukuru na Lindi ni zaidi ya kilomita 150 ambazo wengi wanaziona tupu. Ni miombo, mto Mbwemkuru, kisha bahari inaanza kuchungulia Mchinga, na mashamba ya chumvi unapoikaribia Lindi. Simama kwenye chumvi. Jua likiwa limelala, yale mabwawa ya kina kifupi yanageuka rangi moja baada ya nyingine, na watu wanaokomba chumvi watakueleza jinsi wanavyopima maji kwa macho tu.

Katika kipande hiki ndimo ilimo njia ya Tendaguru, na hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu wengi huenda wakitarajia makumbusho. Tendaguru ni kilima porini, mwendo wa saa kadhaa kwa gari la kupanda. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba hapo, na mamia ya Watanganyika ndio waliofanya kazi ya jembe na kichwa: mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi hadi Lindi, safari ya siku nne hivi kwa miguu, ikapakiwa melini. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyekuwa na jicho la kutambua mfupa kabla haujatoka mchangani. Mjusi aliyejengwa Berlin kutokana na kazi hiyo, Giraffatitan, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu na aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kilimani hutakuta mjusi. Utakuta mashimo ya zamani yaliyoota nyasi na, pengine, vipande vya mifupa. Usiokote hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na haviko pale kwa ajili ya kabati la sebuleni. Pitia ofisi ya utamaduni ya wilaya mjini Lindi upate kibali na mwenyeji. Usipopata muda wa kwenda, simama tu ufukweni Lindi uwasimulie watoto kwamba mifupa yote ile ilipita hapa.

Lindi yenyewe ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya Mtwara kupewa nafasi hiyo miaka ya 1950. Jambo la kufanya ni dogo na halina gharama: vuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya mdomo wa mto Lukuledi, halafu geuka uitazame Lindi ikiwa imejibanza chini ya vilima vyake. Uliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kuvuka. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mambo hubadilika haraka.

Lindi hadi Mtwara ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Baada ya Mingoyo na Mnazi Mmoja, ambako barabara ya Masasi inachepuka, mikorosho inashika pande zote mbili. Msimu ukiwa umefika, tafuta moshi. Kando ya barabara utamkuta mama amekalia kigoda mbele ya mafiga, juu yake karai kuukuu lililotobolewa matundu. Korosho na maganda yake zinamwagwa humo, zinakorogwa kwa mti mrefu, na ghafla mafuta ya ganda yanashika moto na kulipuka kwa moshi mweusi. Hapo hasubiri. Anapindua karai mchangani, anafukia kwa mchanga kuzima, kisha anabangua moja moja kwa kipande cha mti, ganda linapasuka, kiini kinatoka kimeungua kidogo pembeni. Usimsaidie kwa mikono mitupu, maana mafuta yale yanachubua ngozi. Nunua za moto, zile zenye alama nyeusi. Hizo nyeupe za pakiti za dukani hazina ladha hii.

Tafuta pia ming'oko. Hivi ni vizizi virefu vyembamba, vya jamii ya viazi vikuu, vinavyochimbwa porini na kuchemshwa. Wauzaji huvipanga kwa mafungu kwenye sinia au beseni. Unamenya kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unakula. Kwa mtu wa Mtwara aliyeishi mbali, hiki ndicho chakula cha kwanza anachokiulizia akishuka basi.

Mwendo uwe wa tahadhari maeneo ya Msijute, kilipo kiwanda cha saruji cha Dangote. Malori yanaingia na kutoka muda wote. Baada ya hapo barabara inateremka na ghuba ya Mikindani inatandazwa mbele yako. Egesha gari. Mikindani haitazamwi kwa dirisha.

Anza kwenye Boma, lililojengwa na Wajerumani 1895, ambalo sasa ni hoteli. Omba kupanda juu, uone ghuba nzima na mikoko yake. Kisha shuka kwa miguu kwenye vichochoro. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na pale lipu ilipobanduka unaona matumbawe yenyewe, na vitundu vyake vidogo vidogo kama yalivyotoka baharini. Milango ya kuchonga iliyobaki ichunguze kwa karibu: nguzo ya katikati, maua, mnyororo kwenye fremu, na jinsi mbao zilivyolainika kwa mikono pale mlango unaposukumwa. Hodi kwanza, hizi ni nyumba za watu. Utaonyeshwa pia jengo linaloitwa soko la watumwa, na nyumba yenye kibao cha David Livingstone. Ni kweli kwamba Livingstone alifika Mikindani Machi 1866 akaanza hapo safari yake ya mwisho. Lakini katika msafara ule alikuwamo pia kijana Myao, Chuma, ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Kibao cha Chuma hakipo. Ukiwa na watoto garini, wasimulie habari zake hapo ulipo.

Mtwara mjini watu wanakimbilia Shangani na pantoni ya Msangamkuu, na ni sawa. Ila usiondoke bila kupita Majengo kwenye Kanisa la Mtakatifu Paulo. Kuta za mbele zimechorwa kuanzia chini hadi juu, visa vya Biblia kwa rangi kali, kazi ya padre Mbenediktini, Polycarp Uehlein, ya katikati ya miaka ya 1970. Yeye amechora makanisa mengi ya kusini, hivyo ukiwa njiani ukaona kanisa Katoliki la zamani, chungulia. Vaa kwa heshima, usiingie ibada ikiendelea ukiwa na kamera.

Msimbati ni zaidi ya kilomita 40 kusini-mashariki, kupitia Madimba, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma. Lipia kiingilio. Njia ina mchanga, punguza upepo wa tairi ukiona gari linazama. Ufukwe ni mweupe, mrefu, na maji yanafikia kina kirefu karibu kabisa na nchi kavu, kwa hiyo watoto wasiogelee peke yao. Hapa ndipo alipoishi Mwingereza Latham Leslie-Moore, aliyejitangazia Msimbati kuwa nchi yake huru na kupandisha bendera.

Sasa rudi Mingoyo ukate kuelekea Masasi. Ukishapita Mtama, maeneo ya Nyangao, ni Mahiwa. Oktoba 1917, kwa siku nne, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na jeshi la Waingereza lenye vikosi vya Wanigeria walipigana hapa, na Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, wakiwamo waliouawa na waliojeruhiwa. Wengi waliokufa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Leo ni mashamba na mikorosho. Simama kwa wenyeji, uliza habari za vita vya Wajerumani, usitegemee ramani.

Ndanda ni mahali pa kupumzisha gari na miili. Misheni ya Wabenediktini, ambayo leo ni abasia, ipo tangu 1906, na chemchemi zinatoka chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde. Maji ni baridi na hewa inabadilika. Kama kilomita 40 mbele, majabali ya Masasi yanaanza kuota ardhini, meusi na ya mviringo, mji ukiwa umejichomeka katikati yake. Wamisionari wa UMCA, shirika la kimisionari la Kianglikana, waliwaleta watumwa waliokombolewa wakajenga hapa 1876. Nenda Mtandi, kwenye kanisa kuu la Anglikana chini ya jabali, uombe mtu wa kukupandisha. Panda saa 12 asubuhi, kwani saa 4 mwamba umeshawaka moto. Ukipata nusu siku nyingine, nenda Lupaso, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa 1938 na alikozikwa Julai 2020. Ni kijijini kwa watu na kaburi la familia. Pitia kwa wenyeji kwanza.

Kutoka Masasi panda Newala. Ukiwa mjini uliza Shimo la Mungu, hakuna asiyepajua. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla, na chini yako kunafunguka bonde kubwa mpaka mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Novemba 1916 Wareno waliokuwa wameiteka Newala walifurushwa hapa na Wajerumani, na ukisimama ukingoni unaelewa mara moja kwa nini kila jeshi lilipataka. Nenda alasiri. Shika watoto mikono. Hakuna uzio, na changarawe inateleza. Kurudi Mtwara kupitia Tandahimba, waulize madereva wa stendi hali ya njia siku hiyohiyo, kwa kuwa kipande cha kuelekea Mnivata kimekuwa kwenye ujenzi wa lami.

Hatua ya saba: kamera

Usipige picha daraja, kizuizi cha polisi, kambi, bandari wala mitambo ya gesi ya Madimba. Mtu mwombe kwanza, na akikataa usibishane naye. Ukikutana na wari (wasichana wa unyago) au watoto wa jando barabarani, weka simu chini kabisa. Ngoma ile haikuandaliwa kwa ajili yako. Akikualika mwenye shughuli, ingia, kaa unapoonyeshwa, tunza pesa kidogo.

Hatua ya nane: andika

Kila jioni, kabla ya kulala, andika ulichokiona: jina la kijiji, kilomita kutoka mji wa karibu, upande wa barabara, jina la ofisi uliyopitia, na gari la aina gani linafika. Usitegemee kukumbuka, mikorosho ya Mtama na ya Kiwalala baada ya siku mbili ni ileile. Ukitaka kuwashirikisha wengine, weka alama kwenye ramani ya mtandao kwa tahajia ya jina kama wenyeji wanavyoliita, na eleza wapi pa kuomba ruhusa. Makaburi ya watu, misitu ya matambiko, na sehemu zenye mifupa ya Tendaguru iliyo juu ya ardhi usiziwekee alama. Hizo atakayezitaka aje aulize.